Kikombe cha Mursik

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kiplombe mahindi yamefika magotini, na nyanya yako amepona mguu. Umeniuliza, kwa vile nilifanya kazi maabarani, seli T, zile za damu zinazoulinda mwili, hujuaje kutoushambulia mwili wenyewe.

Huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, kutokana na seli shina za damu, zikiwa hazijui lolote. Halafu husafiri hadi tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua, zikapimwe huko. Inayouona mwili wake kama adui, kwa kawaida hufia humo. Tezi hiyo ina nguvu utotoni. Tukizeeka, husinyaa.

Hapo nimekukumbuka ukiwa na miaka minne, tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi baada ya vita vya uchaguzi. Jirani yetu Mkalenjin alituletea mursik, maziwa yao ya kibuyu. Kwa kuwa kabila lake na letu ndio tulikuwa tumepigana, niliogopa sumu, nikayamwaga nyuma ya nyumba. Wewe ukalia: “Babu, hiyo ni ya Kogo!” Ulimwita jirani huyo “nyanya” kwa lugha yake.

Hajawahi kujua kwamba niliyamwaga. Leo ameleta kibuyu kingine, akauliza utarudi lini. Nimemimina vikombe viwili. Changu nimemaliza. Chako bado kiko mezani.

Babu yako