Goti la Binti Yetu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Kitindamimba aoge kabla hajala, asikudanganye.

Sisi tumeshaenda kwenye mashindano ya baiskeli. Najua ulitaka nimkataze dada mtu, kwa kuwa goti linamuuma tangu aanze kutumia zile pedali zinazonasa kiatu. ~~Nisamehe.~~ Siombi msamaha.

Alfajiri nimemkuta amekaa juu ya meza hii, miguu inaning'inia.

"Mama, ona, mguu wangu wa kulia wenyewe unaelekea nje. Kumbe kile kibati cha chini ya kiatu, kinachonasa kwenye pedali, nilikifunga kimenyooka, ndiyo maana goti linapindwa!"

Akalegeza skrubu, akakigeuza kibati kufuata mguu, akakaza. Akapanda kilima mara tatu, mimi nimesimama chini roho mkononi. Goti kimya! Na getini akachomoa kiatu kwenye pedali bila hata kuyumba, si kama juzi alipoanguka ukacheka.

Hakuna aliyemfundisha, kajitazama tu mwenyewe. Kichwa kimenivimba, usiniulize.

Wanaanza saa tatu, uwanjani. Usinune huko, njoo umshangilie.

Ni mimi,
Mama Fundi