Kuku wa Majani

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa yote imejaa udongo. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mzima, ila jua limenichoma nimekuwa kama mkaa.

Uliniuliza kazi gani hii ya bustanini isiyonipa hata nafasi ya kupiga simu. Dada, tunafuga kuku! Kuku wa mimea, mrefu kuliko paa la nyumba yenu, ametandaza mbawa juu ya vifaranga sita. Ndani ni nondo na waya. Tumemshindilia udongo, kisha tukachomeka miche mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, hadi akaota manyoya. Shungi lake ni majani mekundu. Kila asubuhi napanda ngazi na mkasi kumnyoa. Jumamosi bustani ilipofunguliwa, watu walimiminika. Mama mmoja alimwambia mumewe kwamba angalau huyu hatatagia kwa jirani.

Mifupa yake ya chuma imeundwa na mzee mmoja, fundi wa kuchomelea. Mpole, si msemaji. Bawa moja alilibomoa mara tatu, na msimamizi alipomfokea, akajibu taratibu kwamba kifaranga wa mwisho alikuwa bado ananyeshewa.

Sasa kaa kitako, dada. Nimekuficha jambo kwa miezi minne. Siku ya kwanza kazini, majina yalipoitwa, nilisikia jina la ukoo wetu likitajwa mara mbili. Nikageuka, nikaona sikio lililokatika ncha, kama kwenye ile picha unayoificha chini ya nguo. Yule mzee ni baba. Baba yule yule aliyetuaga wiki moja baada ya kumzika mama, eti anakwenda kutafuta kazi.

Nilinyamaza kwa hasira, kisha kwa woga. Juzi mchana alikuwa akirekebisha mguu wa kifaranga, tuko wawili tu, nikamwambia, "Mimi ndiye yule uliyemwacha hajajua kutembea." Akazima mashine, akavua miwani. Alisema alinijua tangu siku ile ya majina, ila hakuona ana haki ya kufungua mdomo. Hakujitetea. Aliuliza moja tu: "Dada yako alimaliza shule?"

Nikamwambia hapana, uliacha ili unilee. Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima yule, akalia bila sauti. Nilitaka kuondoka. Nikakaa naye.

Anaomba kuja kukuona. Sijamwambia unakoishi, wala sitamwambia bila ruhusa yako. Wewe ndiye uliyekuwa mama yangu na baba yangu, na mlango ni wako. Ukisema hapana, sitakulaumu, wala sitaligusa tena jambo hili. Ukikubali, nitamleta mwenyewe, nimemshika mkono.

Wabusu wanangu wote, na umwambie shemeji alale ubavu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekua mgongoni mwako,

Kijino