Ulichokiona Mbaraki

Baba yangu,

Hitima yako imekwisha na nyumba bado inanuka udi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelisema leo mbele za watu, na ningependa ulisikie kwangu.

Unaikumbuka ile jioni ya kuangalia mwezi wa Ramadhani, miaka ya tisini, kaskazi imeshika na mbinguni hakuna wingu? Kwetu Kibokoni nyumba zimebanana, magharibi haionekani, basi ukanichukua kwa miguu hadi Mbaraki, ufukweni, ambako magharibi iko wazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mtu mzima. Jua lilipozama ukanionyesha mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Kisha kando yake ikatokea taa ya kijani, kubwa kuliko nyota yoyote. Ilisimama tuli, ikagawanyika ikawa tatu, zikapanda pamoja polepole bila sauti, zikazimika. Ukanishika mkono.

Njiani nilikusihi useme la mwezi tu, hizo taa tuziache. Ukanijibu, "Nikificha moja, mwanangu, hilo la pili litakuwa na uzito gani?"

Ukayasema yote mawili. Maalim wa mtaa wetu, aliyekuwa akipokea habari za mwezi, alikusikiliza kwa adabu mpaka ulipofika kwenye taa. Hapo akakwambia kwa upole kuwa aliyeona yasiyokuwepo hawezi kushuhudia yaliyopo. Mimi hakuniuliza, nilikuwa mtoto. Ikatangazwa kwamba mwezi haukuonekana.

Kesho yake mtaa mzima ulivunja jungu, watu wakila na kunywa kabla ya mfungo, pilau ikinukia kila dirisha. Wewe ulifunga, maana aliyeuona mwezi kwa macho yake hana ruhusa ya kula. Nami nikafunga nawe. Mama, ambaye hakuona chochote, alitupikia futari ya watu wawili wala hakuuliza neno. Nilikupenda mno siku ile.

Walikutania miaka na miaka, wakakuita Bwana Taa. Ulicheka nao, ukaendelea kushona kofia zako. Lakini hukupeleka tena habari ya mwezi kwa mtu yeyote. Lilikuuma hilo, baba, nalijua.

Leo baada ya dua, Maalim, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono, alikusifu. Akasema ulikuwa mkweli, ila jioni ile mato yako yalikuwa yameanza kuchoka, na hakuna wa kukulaumu. Alikusudia wema, na watu wakaitikia. Shangazi alinifinya ninyamaze. Nikasimama pale kwenye ngazi, upande wa wanawake.

"Maalim, kwa heshima yako, baba alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na mimi nalikuwapo. Mwezi niliuona, na taa niliziona."

Maalim akaniinulia uso, akaniuliza lile ambalo hakuniuliza nikiwa mtoto.

"Zalikuwa ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kuwa hadi leo sijui zilikuwa nini, nawe hukuwahi kudai kuwa wajua. Akafunika uso kwa viganja, akakuombea dua upya, na safari hii hakuyataja macho yako.

Lala salama, baba. Mola akupe nafasi huko uliko.

Ni mimi, binti yako uliyefunga naye.