Ninunue Lenzi Ndefu Nisionekane?

Bi. Mona mshauri wetu, nakuandikia nikiwa na hasira ambayo hata chakula hakinishuki, naomba unisome mpaka mwisho kisha uniamulie, maana kila ninayemweleza ananijibu vyake na mimi nimebaki sijui niegemee wapi. Naitwa Maxwell, ni karani bandarini, nakaa Ganjoni na mke wangu Beryl, na ugonjwa wangu wa pekee hapa duniani ni kupiga picha, si kwa biashara, ni kwa kupenda tu, wenzangu siku ya mapumziko wanakwenda kutazama mpira mimi natoka na kamera yangu, DSLR iliyotumika niliyouziwa na mwenzangu wa kazini Dancan pamoja na ile lenzi ndogo inayokuja nayo, naanzia Marikiti nawapiga hamali na mikokoteni yao, kisha naingia Mji wa Kale napiga milango, roshani, paka, kuta ambazo chokaa imebambuka, na miaka yote hiyo sijawahi kugombana na mtu.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, jua limepenya kati ya mapaa likaangukia baraza ya nyumba moja, na pale barazani ameketi mama mtu mzima anapepeta mchele kwenye uteo, mtandio umemwangukia mabegani, kichwa hakina hata unywele mmoja, kinang'aa kwa ule mwanga kama shaba iliyosuguliwa, Bi. Mona, wewe hujaona picha kama ile, nilisahau hata kupumua, nikapiga. Akageuka akaniona, akauvuta mtandio upesi kujifunika, nikapiga tena kwa sababu ule mkono na ule mtandio ndivyo vilivyoipa picha uhai. Mama akaita ndani, akatoka mwanawe, majirani walimwita Bassam, akanijia, akasema, "Ndugu yangu, umempiga mama picha. Tafadhali ifute."

Nikamwambia, "Hii ni njia ya umma, sikuingia chumbani kwenu."

Akasema, "Nakuomba kwa heshima. Wewe hujui ulichokipiga."

Nikamjibu kwamba najua sana, nimepiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sifuti, basi akashika ukanda wa kamera shingoni mwangu, nikavuta, akavuta, ukakatika, kamera ikaanguka juu ya jiwe. Lenzi ilipasuka kioo na pete yake ikakwama kabisa, kamera yenyewe Mungu aliinusuru, na kadi ya picha nayo ikabaki salama. Watu wakajaa, mzee mmoja akanishika bega akaniambia, "Nenda zako, mwanangu," mimi ndiye nifukuzwe, mimi niliyevunjiwa kitu changu!

Jioni ile niliiweka ile picha ya kwanza mtandaoni, nikaandika chini yake Bibi wa Mji wa Kale, na watu wakaipenda, hata watu wa ng'ambo nisiowajua wakaniandikia pongezi. Baada ya siku chache Bassam akapata namba yangu sijui kwa nani, akanipigia akasema, "Lenzi nitakununulia kama ileile, nilikosa kwa kuvuta ukanda wako. Lakini picha itoe leo. Mama halali." Nikamwambia lete lenzi kwanza ndipo tuzungumze habari za picha, akakata simu.

Kinachoniuma, Bi. Mona, ni kufanywa kama mwizi katika mji ambao nimeufanyia kazi zaidi ya miaka kumi, nalipa kodi ya nyumba hapa, watoto wangu wamezaliwa hapa, na watalii wanapita kwenye vichochoro vilevile na makamera makubwa kama bunduki na hakuna anayewauliza, au ni kwa sababu mimi ni mtu wa bara? Beryl anasema niende polisi. Dancan anasema niachane na hizo kesi, ninunue lenzi ndefu, ile ya kuvuta inayofika milimita mia tatu, ameiona dukani mjini, imetumika lakini ni nafuu, anasema, "Ukiwa na hiyo unasimama pembe ya mtaa, mtu yuko kule, unampiga na hana habari." Mimi hilo limenipendeza kwa sababu limemaliza ugomvi, lakini mfuko wangu ni mdogo na sitaki kukosea mara mbili. Nishauri, je, lenzi hiyo inafaa kwa mtu kama mimi anayepiga kwa kupenda, au kuna nyingine ya bei nafuu iliyo bora, na huyu Bassam nimshtaki?

Maxwell, Ganjoni

*

Maxwell mwanangu,

Nikupe haki yako kwanza, usije ukasema Bi. Mona amewapendelea watu wa mitaa yao. Bassam alikosa. Kitu kilicho shingoni mwa mtu hakivutwi, hata ukiwa na uchungu gani. Lenzi yako imevunjika na imekuuma, nami najua inavyouma, kwa sababu mimi nimevunjikiwa na zaidi ya moja.

Ndiyo. Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya gazeti hili kunipa ukurasa huu nilikuwa mpiga picha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kwenye harusi za wanawake, milango imefungwa, wanaume wote wako nje. Bibi harusi hana mtandio, hana buibui, amepambwa kwa ajili ya wanawake wenzake, na amekaa mbele ya lenzi yangu kwa kuniamini tu. Filamu nilizisafisha mwenyewe chumbani kwangu. Picha nilizipeleka mkononi mwa mamake, na negativu zake pia. Haikutoka hata moja. Kwa hiyo usinifundishe mimi uhai wa picha.

Hiyo yako nimeiona. Mlango ulio nyuma ya yule mama nimeutambua mara moja, maana nimezaliwa karibu na pale. Nikavaa buibui langu nikaenda.

Mwanangu, yule mama anatibiwa saratani. Nywele zimemtoka kwa dawa. Waliojua ni Bassam na mkewe Haifa, basi. Dada zake wako Lamu, naye alikusudia awaambie kwa kinywa chake akishamaliza matibabu, wasije wakahangaika. Wakaiona picha yako. Wakampigia simu wanalia kana kwamba wako matangani. Sasa majirani wanakuja kumtazama kichwa wakisingizia wamekuja kumjulia hali. Haya nayaandika kwa idhini yake. Aliniambia, "Andika, somo yangu. Siri gani tena iliyobaki?"

Nilimuuliza kilichomuuma zaidi ni kipi. Nilidhani atataja ile simu ya Lamu. Akasema, "Alisimama mbele yangu, akaniinamia na lile lidude lake, hata sabalkheri hakunipa. Kana kwamba mimi ni mlango!"

Wewe unaniambia njia ya umma. Njia ni ya umma, sawa. Baraza je? Huyo mama ameketi kwake, anapepeta mchele wake, wala hakukukaribisha. Picha ya kwanza naweza kukusamehe, mwanga umekulevya, hukufikiri. Ya pili sikusamehe. Mtu akijifunika amekwisha sema hataki. Alikujibu kabla hujamuuliza, nawe ukalipiga picha jibu lake, na bado unajisifu kwangu kwamba ndilo lililoipa picha uhai!

Kisha mwanawe akakuomba kwa adabu, mara mbili, kwa hesabu yako mwenyewe. Ukakataa. Akakupigia simu akakwambia mama halali. Ukamjibu lete lenzi kwanza. Maxwell, usingizi wa mgonjwa ndio unaoubadilisha kwa kioo?

Na mambo ya bara na pwani usiniletee hapa. Ungekuwa umezaliwa juu ya baraza ile ile ningekutolea maneno haya haya, tena makali zaidi. Hao watalii wanatetwa kila siku, ila wewe huwi pale ukasikia.

Polisi nenda ukitaka, ni haki yako. Lakini uwaeleze yote, na habari ya picha ya pili usiiruke. Mimi nimekwisha mkabili Bassam mbele ya mamake. Nilimwambia mkono wake umekosa adabu, akainama. Nikamuuliza, "Lenzi ya watu utainunua?" Akasema, "Nitainunua, Bi. Mona, afute asifute." Sasa niambie nani kati yenu anayestahili kwenda kushtaki.

Asubuhi hii, kabla sijamaliza majibu haya, nimefungua simu nitazame. Picha bado iko. Kwa hiyo weka gazeti chini sasa hivi. Itoe mtandaoni, kisha uzifute zote mbili kwenye kadi na kokote kwingine ulikozihifadhi. Mimi nakungoja.

Umefuta? Haya, tuzungumze lenzi.

Hiyo ndefu ya Dancan usinunue. Kwanza haikufai pale unapopiga. Vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi, ukirudi nyuma mgongo unagonga ukuta, na ukiwa na lenzi ya mia tatu utapata kitasa, mlango hutauona. Pili, lenzi ndefu za bei nafuu hazipokei mwanga wa kutosha, na chini ya zile roshani giza huingia mapema, picha zako zitatikisika zote. Ukipenda mpira au ndege wa pwani ya Tudor, ningekwambia inunue. Wewe unaitaka ujifiche. Hilo si tatizo la lenzi, na hakuna duka linalouza dawa yake.

Ile ndogo iliyovunjika ndiyo iliyokufaa, nawe unayo njiani, Bassam ataileta. Milimita kumi na nane mpaka hamsini na tano inatosha kwa mlango mzima na kwa uso wa mtu. Watu wanaidharau kwa sababu huja pamoja na kamera. Mpuuze anayeidharau. Ukiwa na kidogo cha kuongeza, tafuta lenzi isiyovuta, ya milimita thelathini na tano, iliyotumika. Ni nyepesi, inaingiza mwanga mwingi, na kwa kamera kama yako inaona karibu sawa na jicho linavyoona. Ya hamsini mara nyingi ni nafuu zaidi, lakini kwenye kichochoro itakubana. Na kwa kuwa hizi hazivuti, ukimtaka mtu itabidi umsogelee. Ukimsogelea itabidi useme neno. Anza na salamu.

Kabla ya kutoa pesa, ishike lenzi uielekeze dirishani, uchungulie kwa nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, irudishe, hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa kisiwa hiki itakula kioo chote. Zungusha pete, ikikwaruza kama ina mchanga, iache. Ifunge kwenye kamera yako wewe, si ya muuzaji, maana lenzi ya kampuni hii haikai kwenye kamera ya kampuni ile, na kamera nyingine za bei ya chini hazina mota ya kulengea, zinategemea iliyo ndani ya lenzi. Piga karibu, piga mbali, uone kama inalenga yenyewe. Nyumbani usiiweke kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu utupie humo. Dancan naye mwambie aache kukushauri.

Lililobaki ndilo gumu, na ndilo unalotakiwa kulifanya kabla hata hiyo lenzi haijafika. Nenda pale nyumbani. Kamera uiache Ganjoni. Nenda na Beryl, baada ya alasiri, wakati watu wameshaswali na hawana haraka. Piga hodi, sema masalkheri, sema nimekosa. Maneno yako yakomee hapo. Usianze kumweleza habari za jua na shaba. Usimwombe akuruhusu umpige picha nyingine, akiwa amejistiri, sijui na mtandio gani. Nilimuuliza mimi mwenyewe, na hataki. Akikuletea kahawa, kunywa. Asipokufungulia, hiyo nayo ni haki yake: utageuka, utarudi kwako, na safari hii hutamwandikia mtu barua ya kulalamika.

Bi. Mona