Chupa Niliyoipeleka kwa Mama

Maabara ya Mifugo,
Nakuru.
14 Septemba 1952

Mpendwa ndugu yangu Kipkemei,

U hali gani huko Malaya, na vita vinakupitia mbali? Sisi huku tu wazima wa mwili, mvua imenyesha vizuri na mahindi yamesimama. Ila mimi usingizi umepungua.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya mkeo, Jepchumba. Kondoo wa Mama walikuwa wakikonda huku nyasi zimejaa, taya zimevimba, wakilala hawaamki. Walikufa tisa. Mama akasema shemeji ana jicho baya, maana ndiye huwafungulia zizi kila asubuhi. Alitaka arudishwe kwao kabla ya mavuno, watoto wabaki.

Mimi nilijua ni minyoo. Kazi yangu kwa Daktari wa maabara hii ni kuwatoa minyoo hao matumboni mwa kondoo waliochinjwa na kuwaweka hai katika maji ya chumvi yenye vuguvugu. Wanaishi siku kadhaa bila kondoo. Daktari anasema mnyoo hunywa damu, huivunja hadi vipande vidogo kabisa viitwavyo asidi za amino, kisha hujijengea mwili kwa vipande hivyo hivyo. Maji yao tunayadondosha kwenye karatasi, tunainyunyizia dawa, tunaipasha moto. Karatasi tupu hutoa madoa ya zambarau, na Daktari huyasoma: hiki wamekula, hiki wametema. Siku moja niliishika kwa mkono mtupu, vikatokea vidole vyangu mwenyewe, vyote vitano. Daktari alicheka, akasema jasho la mtu lina vitu vilevile. Mimi sikucheka.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda nyumbani. Niliwanywesha kondoo wote dawa ya minyoo, halafu nikaweka mbele ya Mama chupa niliyoibeba ndani ya koti isipoe, amwone mwizi kwa macho yake. Walikuwa wakijinyonganyonga, wekundu na weupe kama uzi uliosokotwa. Mama akauliza, "Nani anawalisha?"

Ndipo nilipokosea. Nilijibu kweli, kwamba ni mimi, kila siku. Akatazama vidole vyangu. Rangi ile ya zambarau hunishika vidoleni, haitoki kwa sabuni.

Shemeji hafukuzwi tena, shukuru Mungu. Mama alimwomba msamaha na kummiminia maziwa ya mursik kutoka kibuyuni. Mimi sikupewa. Juzi dada yetu Chepchirchir alikuja mjini kuniambia nisifike nyumbani kwanza.

Tangu siku ile hajafa kondoo hata mmoja. Mimi nasema ni dawa. Mama anasema ni kwa kuwa sipo. Inaniuma, ndugu yangu, na leo mchana nilipoweka mkono kwenye mtungi wa minyoo walisogea wote upande wangu. Najua wanafuata joto. Hata hivyo niliutoa haraka.

Ukimwandikia Mama, niombee kwake. Mjomba Kipketer na Chepchirchir wanakusalimu, na watoto wako wanakuuliza. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe na miguu yako miwili.

Ukiona alama za zambarau pembeni mwa barua hii, tafadhali usiichome. Ni vidole vyangu tu.

Nduguyo akupendaye hata kwa mbali,
Kipsang