Aliyempima Mgongo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umekaa pale dirishani penye mwanga, na lile goti limekupa walau nafasi ya kushusha pumzi. Mwenzako mwili ni mzima. Nasema mwili, mengine utayasikia mbele.

Najua macho yako hayataki tena herufi ndogo na anayekusomea ni wifi. Wifi, nakusalimu sana, na nakuomba kitu kimoja: usiniruke. Nakujua mimi. Ukifika penye uchungu unakohoa, kisha unaanzia mstari wa chini. Leo msomee Mama yote kama yalivyo, hata pale nitakapomtaja kaka yako.

Mama, kuna jambo nimeona ulisikie kwangu kabla halijakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nimechelewa kushika kalamu kwa sababu ya hofu moja tu. Mama aliyenizaa nilimzika ningali msichana, na nilipoingia kwako kama mke wa mwanao, ulikataa katakata kuniita mkaza mwana. Ulisema hayo ni maneno ya watu wenye nafasi ya kubagua, wewe umepata binti, basi. Nimeishi kwa neno hilo. Sasa naogopa kwamba ukishanisikiliza hutakuwa na sababu ya kuendelea kuniita hivyo, nami nitakuwa nimefiwa na mama mara ya pili, na huyu wa pili yu hai.

Ngoja nianzie mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Tangu mwanao ahamie kule juu kwenye yadi ya malori, kila akipiga simu habari ni baridi. Fundi wa malori hafanyi kazi ndani, analala chali chini ya gari kwenye saruji iliyolowa, na asubuhi anasema spana zinang'ang'ania vidole. Nikamwambia nitamshonea jaketi zito, la sufu, lenye bitana na kola ya kusimama. Akasema nisijisumbue, atanunua. Nikamjibu kwamba la kununua limeshonwa na mtu asiyemjua. Akasema basi, nishone. Mimi nikadhani nimemgusa moyo.

Wewe unajua mkono wangu ulipoishia. Mimi ni wa mapazia na foronya. Ulinifundisha kushona, hukunifundisha wazimu wa kujaribu jaketi la kiume. Lakini mwenye duka la vitambaa, yule mama tunayemwita Mama Vifungo, alinitolea pateni, yale makaratasi ya kukatia, membamba kama ganda la kitunguu, yamekunjwa kwenye bahasha yenye picha ya mwanamume anayetabasamu kana kwamba jaketi limejishona lenyewe. Maelezo yalikuwa ya lugha ambayo sijui hata inaanzia upande gani. Nikasogeza viti vyote, nikayatandaza sakafuni, nikawa natembea kwa magoti. Jirani yangu, huyu tunayegawana naye ukuta, alichungulia akauliza kama nachora ramani ya kutoroka. Nikamwambia ningejua pa kutorokea ningekwenda zamani. Tulicheka mpaka akakaa chini.

Pateni ile ina saizi zote kwenye karatasi moja, mistari inapishana, na usipokuwa na vipimo vya mtu wako utamkatia mtu mwingine. Nguo za mwanao zote aliondoka nazo. Nikampigia, nikamwambia atafute tepu ajipime. Kesho yake akanisomea kwenye simu bila kusita: kifua, kiuno, shingo. Kisha akanisomea mgongo, bega mpaka bega. Kisha urefu wa mkono, na akasema umepimwa kiwiko kikiwa kimekunjwa. Mwisho akaniambia kifuani niongeze cha kupumulia, maana ndani atavaa sweta.

Mama, wewe uliyekula ujana wako kwenye cherehani umeshaona. Mimi sikuona. Mtu hujipima kiuno, hujipima na kifua akijibana, lakini hakuna binadamu anayejipima mgongo wake. Na mwanao, ambaye kifungo kikidondoka hujifunga kwa pini, alijulia wapi kwamba mkono hupimwa umekunjwa? Hayo maneno ya cha kupumulia ni ya mafundi, si ya watu wa grisi. Badala ya kuuliza nikamsifu. Nilimwambia jirani kwamba mume wangu siku hizi ametulia, tazama alivyojipima kwa makini. Jirani akajibu kwamba mwanamume akianza makini ghafla, mtafute mwalimu wake. Nilimnunia, nikasema ana kijicho. Nimeshamwomba radhi.

Basi nikakata. Ile sufu ya kijivu ni nzito, mkasi ulinichubua kidole gumba, na bitana yenyewe, rangi ya damu ya mzee, ilikuwa inateleza mezani kila nikiigusa. Nilisahau kuigeuza karatasi, nikakata mikono yote miwili ya kulia. Niliporudi dukani kuomba kipande kingine, Mama Vifungo akaniuliza kama huyo mume ana upande mmoja tu. Kila kitu nilikipiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, kama unavyotaka, ndipo nikapitisha mashine. Mgongoni mwa bitana niliacha lile kunjo la ndani ili akiinama kwenye injini isichanike. Nilikuwa na furaha ya kijinga, Mama, sikufichi. Nilikuwa naongea na kile kipande cha mgongo huku nakipiga pasi, nakiambia kisimame vizuri, kisininyongee mtu wangu. Mwaka mzima hatukuwa tumeonana, na mimi nikawa nahesabu kwamba akishalivaa atakuwa kama nimemkumbatia.

Kilichokataa ni kola. Niliiweka, nikaitoa, ikawa inapwaya mbele. Nikasema shingo ilipimwa vibaya. Ikawa Jumapili mchana, nikampigia, nikamwomba ajipime upya. Akasema nisubiri. Akaiweka simu mahali, nadhani juu ya meza, akasahau kwamba nasikia.

Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, ya taratibu, sauti ya mtu mwenye pini mdomoni, ikimwambia, "Baba Bonge, inua kidevu."

Wifi, usikohoe. Soma.

Mama, angemwita mpenzi ningejidanganya. Angemwita kwa jina lake ningesema ni fundi, na mafundi wana utani. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mwanamke hamwiti mwanamume baba fulani mpaka huyo fulani awepo. Na mimi na mwanao hatuna Bonge. Sababu unaijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kila mimba ilipotoka ni wewe uliyenishika, na ni wewe uliyefua yale mashuka kabla sijaamka ili nisiyaone.

Akarudi kwenye simu akanitajia namba ya shingo. Niliiandika. Nilimshukuru, nikamwambia amsalimie fundi. Kisha nikakaa sakafuni katikati ya makaratasi, juu ya pini. Jirani ndiye aliyekuja akaniondolea pini magotini.

Nilikaa siku kadhaa bila kupokea simu yake. Nilipopokea nilimuuliza moja kwa moja, Bonge ni nani. Hakukana, hilo nimpe. Alisema ni mtoto wa kike, mnene ndiyo maana ya jina, na ameanza kutembea kwa kushika viti. Mama yake ana chumba cha kushonea nguo karibu na yadi, na mwanao alikwenda pale kuzibiwa ovaroli iliyochanika, wakaanzia hapo. Alilia. Alisema alitaka kuniambia, ila kila akifungua mdomo mimi nilikuwa naongelea jaketi. Nikamwambia asante, kumbe kosa ni la jaketi. Nikamuuliza kama wewe unajua. Akaapa kwamba hujui, na kwamba anakuogopa wewe kuliko anavyoniogopa mimi. Akaniomba nisikwambie mpaka atakapopata nafasi ya kuja mwenyewe.

Namjua huyo. Nafasi hataipata. Mtoto atakua, ataota meno yote, na wewe utakuwa huko dirishani unasubiri habari ambayo iko tayari. Hilo sikuweza kukufanyia, hata kama linanikata mimi.

Kwa hiyo nasema. Mama, una mjukuu.

Nimeandika maneno hayo nikainuka, nikazunguka chumba, nimerudi. Miaka yote hii hukuniuliza kitu. Watu walipokuja na maneno yao ya pembeni uliwajibu kwamba wewe hukuozesha tumbo, uliozesha mwanao. Lakini lile sanduku la nguo ndogo ulizoshona mwaka tuliooana hujawahi kumpa mtu yeyote, na mimi nimekuona ukizianika juani kila baada ya masika ili zisipate ukungu. Sasa zimepata mwenyewe. Ila kwa jina hilo alilopewa sidhani kama zitampita kichwani. Nacheka huku machozi yanalowesha karatasi, wifi atakuonyesha pale wino ulipotanuka.

Jaketi nililimaliza. Jirani aliniambia nilichome, Mama Vifungo akaniambia nilikate mikono. Sikuweza. Kitambaa kilikuwa kimeshakatwa kwa mwili wake, na mimi sijui kuacha kazi mezani. Unajua jaketi lenye bitana hushonwa ndani nje, kisha lote linavutwa kupitia tundu dogo unaloliacha kwenye bitana ya mkono, na tundu lile huzibwa kwa sindano ya mkono, ndiyo mshono wa mwisho. Nilivuta, likatoka, kola imekaa barabara kwa ile namba ya Jumapili. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikalivisha mgongo wa kiti, nikaona mabega yake pale, nikalia kama siku uliyonifulia mashuka.

Kisha nikatunga uzi ili nizibe lile tundu, na mkono ukagoma. Nikaichomeka sindano kwenye bitana pembeni ya tundu, uzi wake unaning'inia, nikalikunja, nikampa dereva wa lori aliyekuwa anapanda kule. Aliyempima mgongo na amalizie. Yeye ni fundi, akiliona ataelewa. Sikufanya kwa matusi, Mama. Mimi nimeishia hapo tu. Kitambaa kilibaki, kinatosha kabisa jaketi la mtoto. Nilikitazama sana, nikakikunja nikakirudisha kabatini. Moyo wangu haujafika huko na sitaki kukudanganya kwamba umefika.

Nimemwomba aniache kwa heshima, na amekubali. Mapazia yapo, nitakula kwa mikono yangu. Kwa hiyo ukipata barua hii mimi si mke wa mwanao tena, au niko karibu kutokuwa. Hilo nimelia na nitaendelea kulia, ila nalielewa, mke huachwa. Ambalo silielewi ni hili jingine. Sijawahi kusikia mtu akiachwa ubinti, sijui hata huwa kunasemwa nini.

Nenda kamwone mjukuu wako. Usikatae kwa ajili yangu, na ukimpakata usinifikirie, mnuse utosi ushibe. Huyo mwanamke naye usimtukane, mwanao amekiri kwamba alimwambia mke wa kwanza alishaondoka. Cherehani yako uliyoniachia bado iko hapa, nimeitia mafuta. Ukitaka apewe yeye, kwa kuwa ndiye fundi na ndiye mama wa mjukuu, nitaitoa bila neno. Ila uniambie mwenyewe, usimtume mtu.

Wifi, ukifika hapa mpe Mama karatasi aishike kidogo. Kisha muulize kuanzia leo ananiita nani, na jibu atakalotoa niandikie hilo hilo, usilipambe na usilipunguze. Wasalimie majirani wa kule, na mpake Mama ile dawa ya goti kabla hajalala, huwa anasingizia amepaka.

Nimetia sahihi kama siku zote, Mama, kwa sababu bado hujanikataza.

Wako akupendaye,

Mwanao.