Dada Mwanaidi, Picha Ile Niliipiga Mimi

Mpendwa dada Mwanaidi,

Namba yako ya Mombasa nimeipiga mara nyingi. Inaita mpaka inakata, na kila inapokata mimi hushusha pumzi, kwa sababu sijui ningeanzia wapi. Basi nimeamua kuandika, tena waziwazi, bila bahasha. Kosa langu lilisambaa wazi mbele za watu na mtu mwingine akalibeba, kwa hiyo hata kuungama kwangu hakuna haja ya kufichwa.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuja kwenye cherehani yako kule Al-Baghdadiyah, Jeddah, nikiwa na sare ya kazi, jina la kampuni mgongoni, nikasema nataka unishonee dera la mke wangu aliyeko Tanga. Ukaniuliza vipimo vyake. Nikababaika: mrefu kiasi, mnene kiasi, mabega mapana kidogo. Ukanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha ukavuta futi yako ukanipima mimi. Ukaviandika vipimo vyote.

"Mkeo huyu nimeshamjua," ukasema. "Mwambie aje Ijumaa baada ya alasiri kulijaribu hapa hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Niliondoka bila kuaga, nikarudi Riyadh nikiapa kwamba sitakanyaga tena mtaa ule. Mwezi uliofuata kampuni iliponituma tena Jeddah kutengeneza viyoyozi, Ijumaa alasiri nilikuwa mlangoni kwako.

Nyumbani kwako mlipaita klabu, kwa utani tu. Vyumba viwili na sebule, mapazia mazito, taarabu ya sauti ya chini ili jirani asisumbuke, chai ya maziwa na mahamri ya nazi. Tulikuwa sita au saba, wanaume wa kwetu wenye hamu kama yangu, na wengine ambao kwao haikuwa hamu, ndivyo walivyo. Sharti lako lilikuwa moja tu. Mlangoni kulikuwa na sufuria kubwa la biriani, kila mgeni aweke simu yake humo, wewe unalifunika na kulipandisha juu ya friji. Ulituambia desturi hiyo umeitoa kwa mabibi wa Kiarabu unaowashonea, ambao kwenye harusi zao simu hubaki mlangoni ili mwanamke asije akapigwa picha akiwa hana abaya. Ulisema kama wao wenye nchi yao wanaogopa picha, sisi wa kuhesabiwa kwa ikama, kibali cha kuishi, tuogope mara mbili.

Siku ile ya kwanza nilivaa dera langu la kijani chooni, nikakaa humo nusu saa nzima. Aibu iliniganda miguuni. Nilikuwa nafikiria marehemu baba, namfikiria mke wangu, nafikiria mlango ukivunjwa. Ni Salma aliyekuja kunigongea.

"Toka, mwenzangu, chai inapoa," akasema. "Humu hakuna wa kukucheka. Wote tulishakaa hapo chooni."

Salma, yule mpishi wa mkahawa. Wazazi wake walimwita Salim, na nje ya mlango wako ilimbidi aendelee kuitwa hivyo. Aliwahi kuniambia kwamba mimi navaa dera kisha navua, lakini yeye ni suruali za kazini ndizo anazozivaa na kuzivua. Alinifunga mtandio kwa mikono yake, akanirekebishia wanja uliokuwa umeniharibikia, akanishika mkono mpaka sebuleni. Wewe ukapiga kigelegele kidogo, cha kunong'ona. Na mimi nikacheza, dada. Mimi ambaye harusini kwangu niling'ang'ania kiti mpaka mashemeji wakakasirika, siku ile nilicheza mpaka jasho likanitoka mgongoni.

Nilipofika Riyadh nilijisugua uso kwa sabuni ya kufulia. Mke wangu alipopiga nilimwambia nina homa. Aibu ya namna hiyo ninaijua tangu utotoni, tangu nilipokamatwa na gauni la dada yangu, na sitakudanganya kwamba imeniisha. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kuishi nayo. Nilifurahi na nikaona haya, yote kwa pamoja, nikawa nahesabu siku za safari ijayo.

Safari ya tatu ndipo nilipokosea. Unajua sisi mafundi tuna simu mbili, ya mtu mwenyewe na ya kampuni. Niliweka yangu kwenye sufuria, ya kampuni nikaiacha kwenye begi. Sikuwa na nia mbaya. Nalala chumba kimoja na wanaume wanne, nikatamani niwe na picha moja tu ya kujitazama nikiwa huko. Nikaingia chumba chako cha kushonea, nikasimama mbele ya kioo, nikapiga. Simu ilinificha uso wote. Nyuma yangu Salma alikuwa amekaa kitandani, kavua nywele za bandia anajipepea nazo, anacheka. Wallahi sikumwona. Nilikuwa natazama dera tu.

Jumapili nilikuwa kazini Olaya, hapa Riyadh, juu ya paa la jengo la ofisi. Kazini kwetu kila kiyoyozi lazima kipigwe picha kabla na baada, na picha zote zitumwe kwenye kundi la mafundi wa Riyadh na Jeddah, ili bosi ajue kazi imefanyika. Mikono ilikuwa na grisi, jua linachoma, nikazichagua zote kwa pamoja nikatuma. Kompresa, kompresa, feni, kisha mimi na dera langu la kijani, na Salma nyuma yangu.

Niliifuta haraka, lakini mwenzetu mmoja wa Jeddah alikuwa ameshaihifadhi, na mtu huyo hula kila mchana kwenye mkahawa ule. Akauliza, "Huyu wa nyuma si Salim wa jikoni?" Kisha akaniuliza mimi nimeipata wapi. Nikaandika kwamba nimetumiwa tu na watu, hata siwajui. Na ili waamini nikaongeza vikatuni vitatu vya kucheka.

Dada, ningekuwa nimenyamaza ingekuwa nafuu. Nilimcheka mtu aliyenifunga mtandio.

Wiki haikuisha kabla picha haijafika kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini. Salma alitolewa jikoni na aproni yake, akapewa tiketi ya kurudi kwao, na alibahatika kwamba iliishia hapo. Ndipo ulipotutumia ule ujumbe wako wa sauti, unalia. "Kikulacho ki nguoni mwako," ulisema. "Salma kwa kupenda picha kwake ametuuza sote. Nyumba nimeifunga, halas, kila mtu ashike njia yake." Ni kweli Salma alipenda picha. Mara mbili ulikuwa umemnyang'anya simu mlangoni. Picha yenyewe hukuiona, ulisimuliwa tu, ukaona ndiye aliyempa mtu simu ampige, na sote tukakubali, mimi nikiwemo.

Nilikusikiliza nikiwa kwenye ngazi za jengo, simu sikioni, watu wa ofisi wakipita na kahawa zao. Ningeweza kusema hapo hapo. Nilikuandikia maneno mawili, "Pole dada." Baada ya mwezi nikasikia nawe umeondoka kwa hofu, umeacha cherehani yako na miaka yako yote ya Jeddah. Nilipotumwa huko tena nilipita mtaa ule. Dirisha lako lina pazia la watu wengine. Sikusimama.

Watu wangedhani ninachokionea aibu ni dera. Zamani hata mimi ningesema hivyo. Dera bado linanipa haya, ndiyo, lakini halinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba nilipogongewa mlango wa choo nilifunguliwa moyo, na zamu yangu ilipofika ya kumsimamia mtu nikajificha nyuma ya simu, kwanza kwenye kioo, kisha kwenye kundi.

Juzi nilipata namba ya Salma kwa mmoja wa wale wenzetu. Yuko Malindi kwa shangazi yake, anakaanga viazi vya kuuza. Nilimwambia kila kitu bila kupamba. Nikawa nasikia mafuta yakichemka upande wake, nikajua atanitukana na nikatamani anitukane.

"Ile picha mimi sikuwahi kuiona vizuri," akasema baadaye. "Wewe ulipendeza?"

Nikasema ndiyo, nilipendeza.

"Afadhali," akasema. Halafu akauliza, "Dada Mwanaidi ameshajua kwamba si mimi?"

Nikamwambia bado. Aliniambia amekupigia tangu siku aliyofika, na akagundua umeifungia namba yake. Kisha akakata, alikuwa na wateja.

Jina langu siliandiki hapa, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mke wangu, na najua kwamba huo nao ni woga. Wewe utanijua. Sikuombi unisamehe, na ukiipata barua hii usihangaike kunijibu. Mfungulie Salma simu, dada. Anasubiri umwite jina lake.

Nakuaga kwa haya yote,
Mdogo wako, fundi wa Riyadh